Umeme Uliporudi

Juzi dukani hapa Bariadi muuzaji alinipa koili ya oveni akasema, "Dada, ukienda kuifunga, zima swichi kubwa kwanza." Nikamrudishia.

Mchana mmoja nilipokuwa mtoto, jiko letu lilinukia vanila ya keki iliyosubiri kuokwa. Koili ya oveni yetu ilikuwa imeungua, na umeme nao ulikuwa umekatika. Mama alimwomba baba azime swichi kubwa.

"Nizime nini, na umeme haupo?" Akaingiza mikono ndani ya oveni.

Mara redio ya jirani ikaanza kuimba, na watoto wa mtaa mzima wakashangilia umeme kurudi. Mabega ya baba yalitetemeka. Nilidhani anacheza. Nilimpigia makofi mpaka mama alipopiga yowe.

Baba hakuamka. Umeme unapokatika, mimi huomba usirudi.