Chumvi ya Mama wa Kwaya

Niliporudi kutoka Uingereza na diploma ya maabara, ya kwanza katika safu yetu ya nyumba za reli Makongeni, nilimkuta mama amekonda, mikono inatetemeka, na shingoni ana uvimbe kama yai la kuku. Moyo ulimwenda mbio hata akiwa ameketi. Alikuwa kiongozi wa kwaya kanisani. Sasa hakumaliza ubeti mmoja bila kuhema.

Majirani walikuwa wameshamtibu. Wengi walitoka magharibi mwa nchi, na kwao mwenye uvimbe wa shingo hupewa chumvi ya iodini, basi kila aliyekuja kumwona alileta pakiti. Mama, asiyetaka kumvunja mtu moyo, aliitia hata kwenye uji.

"Acheni chumvi," nilisema. "Tezi hii ya shingo haikosi iodini. Inafanya kazi kupita kiasi."

Mke wa dereva wa treni, jirani wa mlango wa pili, alicheka. "Heh! Ameenda ng'ambo kupima mikojo, amerudi profesa wa shingo!"

Nilimpeleka mama hospitali, na vipimo vya damu vikasema nilichosema mimi. Picha ya tezi ilionyesha kinundu kimoja kinachowaka kwa kazi, tezi iliyobaki imelala. Daktari akaeleza: vidonge vingetuliza tezi, lakini akiviacha ugonjwa ungerudi. Upasuaji ungeondoa kinundu mara moja, ila neva ya sauti hupita karibu na kisu. Au anywe iodini yenye mionzi. Kinundu kingeifyonza na kunyauka polepole, kwa miezi.

"Sauti yangu haiguswi na kisu," mama alisema. "Nitakunywa."

"Basi kwanza aache chumvi ya iodini," daktari alisema. "Kinundu kikishiba, hakitafyonza dawa."

Nilifika nyumbani kifua mbele. Lakini mama alikataa kurudisha zawadi za watu. Hilo ni tusi. Jioni hiyo mke wa dereva, aliyekwisha kusikia habari, akaja mwenyewe na kikapu.

"Profesa, lete hiyo chumvi. Nitampikia mzee wangu."

Mama alikunywa dawa, akakaa siku kadhaa mbali na watoto wa majirani kwa sababu ya mionzi. Krismasi ilipofika uvimbe ulikuwa umenywea, mikono imetulia, na akasimama mbele ya kwaya. Aliimba ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, bila kuhema.

Mke wa dereva, aliyeketi benchi la mbele yangu, alinigeukia. "Profesa, mwambie mama yako apunguze. Sisi wengine tumechoka!"

Mama akaanza wa nne.