Chokaa Juu ya Uso wa Mama

Harufu ya tapentaini ikishaingia kwenye nguo haitoki, na mimi nililala nayo utoto wangu wote. Baba alikuwa mchoraji wa matangazo ya maduka kule River Road, Nairobi, na hata akijisugua kwa sabuni ya kipande mpaka ngozi iwe nyekundu, alirudi nayo nyumbani kwetu Kawangware. Nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na likizo ya Agosti ilipofika hakukuwa na mtu wa kushinda nami nyumbani, kwa hiyo baba akanichukua kazini. Tulitembea asubuhi katika baridi ile inayouma masikio, tukipitia Kileleshwa chini ya miti mikubwa iliyokutanisha matawi juu ya barabara, baba mbele na makopo yake ya rangi, mimi nyuma nikiruka madimbwi.

Nilikuwa nikipajua tangu mama akiwa hai; nilijifunza kusoma kwenye kuta za River Road kabla sijajua kitabu. Kila penye maandishi mazuri palikuwa na mkono wa baba: mkasi wa fundi cherehani, jino jeupe kubwa la daktari wa meno, na mbuzi wa buchani aliyekuwa akitabasamu, sijui alifurahia nini. Lakini ukuta wangu ulikuwa mmoja tu, ule wa hoteli ya Mama Njoki, mahali mama alipokuwa akipika chapati. Baba alimchora pale nje akiwa hai, mrefu kupita mlango, na kitambaa cha samawati kichwani na sahani ya chapati mkononi. Siku picha ilipokwisha, mama alitoka jikoni na unga hadi kwenye viwiko, akaitazama na kucheka. “Mbona umeninenepesha hivi? Watu wa nyumbani Kakamega watasema namalizia Mama Njoki chakula!” Alipofariki tulibaki na picha ya kitambulisho peke yake, na kwenye ile anaonekana kama mtu aliyekamatwa. Hiyo ndiyo sababu ukuta ule ulikuwa kila kitu kwetu. Mama Njoki aliniwekea benchi upande wa pili wa kichochoro, nikawa nanywa chai yangu hapo kila asubuhi, nikimtazama mama.

Kisha wakuu wa jiji wakaamua kwamba mji umekuwa mchafu. Hawakuwa na maana ya takataka, maana zile zilibaki palepale kwenye mitaro. Uchafu waliousema ni maandishi na michoro ya kutani, na kila mwenye duka akaamriwa aifute, ukuta ubaki wa rangi moja. Kanjo, yaani askari wa baraza la jiji, walipofika kwa Mama Njoki, mmoja aliupiga ukuta kwa rungu, kwenye goti la mama hasa, akasema, “Hii kitu ifutwe. Ni order.”

“Huyo ni bibi yangu,” baba akasema.

“Sasa bibi yako anafanya nini kwa ukuta ya watu? Mzee, usiniletee story. Kesho nikipata hii picha hapa, nafunga hoteli.”

Nilimchukia mtu yule, na miaka yote hii haijapunguza kitu. Mama Njoki alilia, akamwomba baba afanye kazi hiyo mwenyewe, maana mgeni angemwagia tu rangi kama anayezima moto. Ilikuwa ndiyo desturi ya River Road: aliyechora ndiye anayeitwa kufuta. Wiki ile nzima baba alikuwa akizunguka kufuta mikasi na mbuzi wake, na picha ya mama akaiweka mwisho. Nilipoona brashi inapanda kifuani pa mama nikamshika baba shati. “Baba, unamfuta mama?”

“Namfunika tu,” akaninong’oneza. “Yeye ni rangi ya mafuta, hii ni chokaa. Chokaa inatoka na maji. Hawa watu wa kanjo wanachokanga. Mwezi moja hivi tutakuja na ndoo, tumtoe.”

Mtu yeyote wa Nairobi angepiga hesabu hiyohiyo. Oparesheni za kanjo tulizijua: zinaanza kwa kelele, kisha zinafifia, na kila mtu anarudisha kitu chake mahali pake. Baba alimfunika mama kuanzia miguuni, na alipofika usoni alipaka taratibu sana. Jioni hiyo, tukirudi, tukakuta miti kadhaa ya Kileleshwa imekatwa. Mahali pake palikuwa pamesimamishwa bango refu kuliko nyumba, na juu yake mwanamke mwenye meno meupe ameshika simu. Miti ilikatwa ili aonekane. Huyo hakuitwa uchafu, kwa kuwa alikuwa na leseni. Nilimtemea mate, na baba hakunikanya.

Kanjo walichoka kweli. Shule zilipofunguliwa mbuzi alikuwa amerudi buchani, na Jumamosi moja baba akabeba ndoo na vitambaa laini, mimi nikakimbia mbele yake mpaka kwa Mama Njoki. Ukuta haukuwepo. Palikuwa na bango la mabati kutoka chini hadi paani, limefungwa kwa bolti nene, likitangaza unga wa ngano. Mwenye jengo alikuwa ameukodisha ukuta, na wakuu walewale wa jiji wakatoa kibali. “Mimi napanga ndani tu,” Mama Njoki akasema bila kututazama. “Huko nje si kwangu.” Nilingoja baba apige kelele. Nilitaka apige mabati yale mateke mpaka River Road nzima isimame. Alimwaga maji mtaroni, akakunja vitambaa vyake, akanishika mkono.

Leo mimi ni mtu wa mshahara, nimepanga Kileleshwa hiyohiyo, na bango la taa mbele ya dirisha langu hubadilisha rangi ya mapazia yangu kila nikikaa kula. Kila baada ya muda jiji hutangaza kwamba mabango yamezidi na yatapunguzwa. Kinachopunguzwa ni kibao cha fundi viatu na cha dada wa saluni. Kule River Road tangazo la unga lilifuatwa na la sabuni, kisha la mkopo, kisha la bahati nasibu, lakini mabati ni yaleyale. Wanabandika jipya juu ya la zamani na kwenda zao. Baba bado yuko Kawangware, macho yamechoka na brashi ameziweka chini. Redio ikitaja habari za mabango, hunipigia simu kabla taarifa haijaisha.

“Umepita town? Wamebandua?”

“Bado, baba.”

“Sawa. Lakini siku wakibandua, usisugue na brashi. Kitambaa na maji baridi tu, na uanze na uso.”