Nilivyoificha page ya mazishi ya Baba isionekane kwa search engine (1999)

Wakuu, niaje. Hii sikuhadithiwa, ilinipata mimi, na sitaongeza chumvi.

Mwaka wa 1999 tuliishi Shauri Moyo. Nilifanya kazi kwa cyber café moja tao, katikati ya jiji, na HTML ya kutengeneza website nilijifunza mwenyewe. Mtaa mzima hakuna mwingine aliyekuwa na website, na sikuacha mtu asahau.

Jumatano moja Baba akafariki. Alikuwa fundi wa vitanda soko la Gikomba.

Ndugu wengi walikuwa majuu, nchi za ng'ambo, nikatengeneza page ya mipango ya mazishi na kuwatumia link kwa email. Wote, isipokuwa dada yangu. Alikuwa Marekani, mja mzito wa miezi minane, peke yake.

Mama alikata maneno: "Kifo hakisomwi, kinaletwa na mtu. Shangazi yako amfikie kwanza, amshike mkono."

Shangazi alikuwa jimbo lingine huko huko. Angefika kwa basi Ijumaa.

Sasa kosa langu. Kila nikimaliza page, nilikuwa naipeleka kwa search engine ili watu wanione. Mkono umezoea, na hiyo nikaipeleka! Alhamisi asubuhi nikaandika jina la Baba: page ikatokea ya kwanza, "marehemu" wazi wazi.

Na dada alikuwa na mazoea ya kulitafuta jina hilo kila Ijumaa kwa maktaba ya chuo alichosoma, aone picha za vitanda nilizoweka zamani. Niliogopa sana.

Mtauliza mbona sikuifuta. Ndugu walikuwa wanaitegemea, na hata ningeifuta, lile jina lingebaki kwa orodha ya search engine.

Nikaweka robots.txt, faili ya kuiambia search engine isiingie, kwa folder yangu. Wapi! Kumbe inasomwa mwanzo wa site tu, na site ni ya wenyewe, mimi nilipewa kona ya bure. Ni kama kubandika "usiingie" kwa mlango wa chumba chako na mgeni anasoma ya geti pekee.

Nikasoma maelezo mara tatu. Dawa ilikuwa mstari mmoja ndani ya page yenyewe, noindex, yaani "usiiweke kwa orodha", halafu kuipeleka page upya ili search engine iusome.

Ijumaa asubuhi nikaandika jina la Baba. Vitanda tu. Nililia pale cyber, wateja wakiniangalia.

Mwaka uliofuata dada alikuja na mtoto. Akaniambia, "Ile Ijumaa nilitafuta Baba, nikaona vitanda vyake, nikacheka. Kufika nyumbani, nikampata Shangazi mlangoni."

Nimetengeneza site nyingi tangu hapo. Ninayojivunia zaidi ni ile dada yangu hakuiona.

Somo: kabla ya kupost, jiulize nani hafai kuisikia hivyo.

Na nyinyi, mmewahi kumfichia nani nini huku mtandaoni? Leteni.