Iko Sho

Upande wetu wa Nyakabuye jiwe huzaliwa mbele ya macho yako, na mimi sijawahi kulipenda. Maji ya moto hupanda kutoka chini ya ardhi yakiwa yamelamba miamba huko yalikopita. Yakifika juu na kupoa, hushindwa kubeba mzigo wake, yakautua hapo hapo, utando juu ya utando. Tawi likianguka humo, ukirudi baada ya muda unalikuta limevaa ganda jeupe. Watu huenda kuoga huko kwa ajili ya maumivu ya mgongo, wakicheka. Mimi husimama mbali.

Lakini tunaishi kwa jiwe hilo. Malori hulibeba kwenda kutengenezwa saruji huko Bugarama. Likisagwa tunalimwaga shambani kupunguza uchachu wa udongo, na likichomwa linakuwa chokaa ya kupaka nyumba. Mama yangu alimwaga lile la shambani miaka yote kwa mikono mitupu, kisha akajipangusa kwa kitenge.

Basi harusi ya mdogo wangu ilipokaribia, Mama akataka kuta ziwe nyeupe. Sokoni nilikwenda mimi. Muuzaji alinipa mfuko wa mabonge, si unga, nikashangaa kidogo.

"Maman, ile iko sho," akaniambia. "Muchunge."

Sisi tuliokulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, chokaa tunaiita sho, Kifaransa hicho. Na kitu cha moto pia tunakiita sho. Nikamjibu kwa kiburi changu, "Najua ni sho, papa, ndiyo nimekuja kununua." Alinitazama, akafungua mdomo aseme tena, mteja mwingine akamwita.

Kesho yake asubuhi niliweka mabonge kwenye beseni uani, nikamwaga maji. Kimya. Mama akainama na mwiko wake.

"Mbona imenyamaza?" akasema. "Ongeza mayi."

Nikaongeza. Ikasikika sauti ndogo kama ya mafuta kikaangoni, mvuke ukapanda, na ule uji mweupe ukachemka na kuruka. Mama hakupiga kelele. Alijishika uso kwa viganja viwili, akasema, "Nioshe, nioshe." Nami, Mungu anisamehe, nilisimama na ndoo mkononi nikiyaogopa maji. Jirani aliyekuja mbio ndiye aliyeninyang'anya ndoo akamwosha.

Hospitalini walimwosha tena kwa muda mrefu. Jicho moja lilipona. Lile la kushoto limefunikwa na ganda jeupe, na siwezi kulitazama bila kukumbuka yale matawi.

Kuta hazikupakwa. Siku hizi tukienda sokoni Mama hunishika mkono, nami natembea upande wake wa kushoto. Tukipita penye meza ya yule muuzaji, hupunguza mwendo.

"Ule muntu angetuambia tu," husema. "Neno moja."

"Ndiyo, Mama," namjibu.