Siku Kivuli Kilipokataa Kufika Jiweni

Leo mjukuu wangu kanambia ndiyo siku ndefu kuliko zote za mwaka. Adhuhuri nkatoka uani, hapa Bawshar, nchi ya Waarabu, nkatazama miguuni: kivuli hakuna. Moyo ukanipiga, shoga, kama vile nna miaka tisa.

Mwaka huo ndiyo kwanza tumetoka Unguja. Bibi yangu alikuwa na kishamba hapahapa, mitende na ndimu, kikinywa maji ya falaj, mfereji unaoshuka kutoka mlimani. Maji kwa zamu, mara moja kwa wiki. Saa hatuna. Palisimikwa kijiti, na kando yake jiwe, pale kivuli kinapolala adhuhuri. Kivuli kikigusa jiwe, zamu ya jirani imekwisha, yetu imeanza.

Siku moja kama ya leo bibi ana homa, akanituma mimi. "Usifuate adhana, kwa joto hili huchelewa. Kivuli kikigusa jiwe, fungua ziba la mfereji wetu. Ule mlangilangi hauwezi kungoja wiki nyingine." Mche wenyewe, wa maua ya kunukia, tulimletea kutoka Unguja, tumeupakata njia nzima, kaupanda mwisho wa shamba.

Nkachuchumaa. Visamaki vinanidonoa vidole, rutabu, tende laini za mwanzo, zinanukia. Kivuli kikafupika, kikafupika, kikafika mguu wa kijiti, kikapotea. Jiwe hakikuligusa. Nkasema, kitatoka tena. Adhana ikalia. Nkaikumbuka amri, nkakaza macho. Jirani, kakaa chini ya mtende wake, maji yanamwendea, akacheka.

"We Zinjibari, unangoja kivuli kikuzalie?"

Sikufungua.

Bibi akaja anatetemeka, kajifunga leso kichwani, akang'oa ziba la matambara kwa mikono yake. "Leo jua lipo utosini, jiwe halifikiwi, kivuli kikipotea ndiyo unafungua! Kila mtoto wa hapa anajua!" Mie sikuwa mtoto wa hapa, na yeye ndiye aliyesahau kunambia.

Maji yakafika kwenye ndimu, zamu ikakatwa. Mlangilangi haukupata tone. Kisima chetu cha chumvi, na kuteka nje ya zamu ni wizi. Siku ya nne majani yamekuwa karatasi. Bibi akaung'oa. Hakunipiga. Wiki ya pili akanituma tena, peke yangu: "Aliyeipoteza zamu ndiye ataichunga."

Falaj ile imekauka zamani, juu yake lami. Wajukuu wanaosha magari kwa mpira, maji yanakwenda barabarani, nami nafunga bomba. "Bibi, si maji tu haya!" Maji tu. Mie nimeshaona mti ukifa, nami nimekaa kando ya maji.