Paa la Gari Mchangani

Kilichonirudisha Kyuso ni gunia la mchanga. Naishi ugenini, katika nchi ambako theluji huanza Novemba na kumchosha mtu hadi Aprili, na kazi yangu ni kuzunguka na gari dogo nikiwaogesha wazee na kuwapa dawa majumbani mwao. Gari lenyewe ni kuukuu, linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Majira yangu ya kwanza ya baridi, jirani yangu, mzee aliyeendesha lori maisha yake yote, alinitazama nikiteleza hadi kwenye ua wake, akatikisa kichwa. Kesho yake akaleta magunia mawili ya mchanga akayatia kwenye buti. Akasema gari jepesi likipata uzito nyuma litatulia, na siku nikikwama niumwage mchanga chini ya magurudumu. Nilishukuru. Kisha nikafungua gunia moja, nikatia mkono ndani, nikacheka, kisha nikalia palepale nje. Mzee alidhani ni baridi.

Kama ulilelewa kwetu, umeshajua kwa nini nilicheka kwanza kabla ya kulia. Kwetu mchanga ndio uliokuwa ukikwamisha gari. Kama ulilelewa kwingine, keti nikueleze. Mito ya kaskazini mwa Kitui haina maji siku nyingi za mwaka. Ni njia pana ya mchanga mweupe kati ya kingo mbili, na maji yamejificha chini. Sisi watoto tulichimba visima mchangani kwa mikono na kwa kata, tukangoja maji yachuruzike polepole, tukajaza mitungi, tukawapakia punda. Ukiwa na haraka ulikunywa matope. Asubuhi niliamshwa na sauti ya mitungi mitupu ikigongana mgongoni mwa punda, na mpaka leo nikisikia plastiki ikigongana nahisi kiu.

Nililelewa na nyanya yangu, susu kama tulivyomwita. Alilima ndengu na mtama, alipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, usiohitaji meno, na alikuwa na miiko mingi kuliko vyungu. Usikanyage jembe lililolala. Usihesabu mbuzi wa mwenzio. Lakini mwiko mkubwa ulikuwa wa mto. "Ukiskia mto unakuja," aliniambia, "nyamaza. Usiutaje mpaka uguse miguu yako. Ukiutaja utaona haya, utarudi kwa mchanga." Na hakuwa anatunga. Mwaka mmoja mwanamke wa jirani aliusikia ukija, akapiga vigelegele, na maji yakaishia kwenye kona ya juu, yakazama yote tukiwa tumesimama na mitungi yetu. Mwanamke huyo alisemwa hadi akahamia kwa dada yake kule Tseikuru. Leo najua maji ya kwanza huzama hivyo hata usiposema neno. Wakati ule nilijua nilichoambiwa.

Upande wetu wa mto palikuwa na gari moja tu. Lilikuwa dogo, la rangi ya samawati, mgongo wake wa mviringo, na ndani lilinukia spiriti na machungwa. Lilikuwa la nesi wa zahanati, ambaye sote tulimwita daktari kwa sababu hatukuwa na mwingine. Alitoka vilima vya Kilungu, na kila alipokwenda kwao alirudi na machungwa na parachichi, akagawa kwa watoto waliomaliza chanjo bila kung'ata mtu. Wazee wa kwetu walipenda kumtania. "Wewe wa Kilungu umezoea matope. Mchanga huuwezi," walimwambia. Naye aliwajibu, "Matope yalinifundisha kuheshimu. Nyinyi mchanga umewafundisha nini?"

Hakuwa na mtoto. Jumatatu moja kila mwezi alikwenda sokoni Kyuso kuchukua chanjo katika kisanduku cha barafu, na mara nyingi alinibeba niwe mwenzake wa njiani. Susu alinituma na kiondo cha ndengu za kuuza, lakini mimi nilienda kwa ajili ya gari. Daktari aliniongelesha kana kwamba kesho ningeshika usukani. Alinionyesha kupunguza upepo kwenye magurudumu kabla ya mchanga. Ingia na gia ya pili, alisema, na usiibadilishe katikati. Breki ni ya mtu aliyekwisha simama, ukiikanyaga mahali panapoteleza umejiuza mwenyewe. Geuza usukani taratibu, kama unageuza mtoto aliyelala. Usifuate alama za mwenzako, hujui aliishia wapi. Na hata safari iwe fupi vipi, beba blanketi, maji, chakula, jembe na gunia. Niamini, maneno hayo ndiyo yananivusha barafu hadi leo. Chuo cha udereva kule ugenini kilinitoza pesa sawa na nauli ya ndege kunifundisha mambo niliyoyajua nikiwa na miaka tisa.

Lakini sheria yake kubwa ilikuwa ya kusikiliza. Kila tulipofika ukingoni alizima gari, tukashuka wote wawili, tukasimama bila kusema neno mpaka pumzi zitulie. Mvua ikinyesha mbali huko juu, mto hushuka ghafla hata kama kwenu jua linawaka, na sauti hutangulia maji. Daktari alikuwa amezeeka masikio kidogo. "Yangu yameisha," aliniambia. "Yako ni mapya. Unaskia kitu?" Nikisema hapana, yeye huvuka peke yake, mimi nabaki ukingoni mpaka afike ng'ambo, ndipo nivuke kwa miguu. Hakuna abiria aliyevushwa ndani ya gari lile, hata mchungaji alivua viatu.

Sasa nafika mahali ambapo miaka yote nimepazunguka.

Ilikuwa Novemba, na mvua zilikuwa zimetukosa misimu mitatu mfululizo. Visima vyetu vya mchangani vilikuwa vimekauka, tulichimba hadi mabega na tukatoa unyevunyevu tu. Watu walitembea hadi silanga, bwawa la mbali, na maji yake yalikuwa ya kijani, yakinuka ng'ombe. Susu aliniogesha kwa kikombe kimoja na maji hayohayo akawapa kuku. Usiku wa kuamkia Jumatatu ile tuliona umeme ukimetameta mbali, bila ngurumo. Hakuna aliyesema chochote. Tulitazama tu, tukaingia kulala.

Tulifika mtoni jua likiwa kichwani. Daktari alizima gari. Tukashuka.

Niliusikia. Haikuwa ngurumo. Ilikuwa sauti ya mahindi yakimiminwa kwenye pipa, mbali sana, bila kukoma. Upepo ulileta harufu ya udongo uliolowa, na mwili wangu wote ukasisimka kwa furaha. Unisikilize vizuri hapa: sikuogopa hata kidogo. Niliwaza maji. Niliwaza mitungi iliyojaa, na susu akinimwagia kata tatu kichwani.

"Unaskia kitu?" daktari akauliza.

Nikiutaja utarudi kwa mchanga. Nilimwona yule mwanamke wa vigelegele akiondoka na sanduku lake kichwani. Nikatikisa kichwa.

"Sema na mdomo."

"Hapana, daktari. Siskii kitu."

Akaniamini, kwa nini asiniamini? Akaniambia nibaki pale na kiondo changu, akaingia na gia ya pili, taratibu, usukani umenyooka. Alifanya kila kitu sawasawa. Katikati ya mto gurudumu la nyuma likadidimia kwenye kisima cha zamani kilichofunikwa na mchanga. Akashuka na jembe lake bila haraka, akaniinulia mkono kuonyesha si neno, akainama kuchimba huku mgongo wake ukielekea upande wa juu wa mto.

Sauti sasa ilikuwa kubwa. Yeye alikuwa akichimba na hakuisikia, au aliisikia na akajiambia mtoto amesema hakuna. Nikaanza kuelewa. Lakini mwiko ulikuwa bado umenishika, na akili yangu ya miaka tisa ikapata njia: maji yakigusa miguu yangu nitaruhusiwa kusema. Basi nikashuka ukingoni nikikimbia, nikayaendea maji. Yalikuja kwanza kama ulimi wa kahawia, yamebeba samadi na vijiti, hayafiki hata kwenye kifundo cha mguu. Yakanigusa.

"Mto!" nikalia. "Daktari, mto!"

Aliinua kichwa. Nyuma ya ulimi ule, kwenye kona, yalikuwa yamefika maji yenyewe, yamesimama wima. Hakuyatazama. Alinitazama mimi niliyekuwa chini mchangani, akatupa jembe, akanipungia kwa mikono yote miwili.

"Panda!" akasema. "Panda juu, mwanangu!"

Nikapanda. Nilipogeuka hapakuwa na mtu wala gari, palikuwa na mto.

Wanawake walikuja wakikimbia na mitungi, wakipiga vigelegele, wakanikuta nimesimama na kiondo. Walidhani nami nashangaa maji. Ilipita nusu saa kabla ya mmoja wao kuniuliza daktari yuko wapi.

Walimpata kesho yake, mbali chini. Wakampeleka kwao Kilungu akazikwe miongoni mwa michungwa, na nusu ya watu wetu wakaenda na lori. Mimi sikuenda, niliumwa, nikatapika kila nilichopewa isipokuwa maji. Hilo ndilo linaloniuma. Jioni ileile ya Jumatatu susu alinipa maji ya mto katika kata, yaliyotulizwa na kuchujwa kwa kitambaa. Nilikunywa yote, nikaomba mengine, na yalikuwa matamu. Jumapili kanisani walilia kwa ajili ya daktari na wakashukuru kwa ajili ya mvua, katika ombi moja. Hakuna aliyeniuliza nilisikia nini. Kila mtu alisema mto hauna adabu.

Nilimwambia susu peke yake. Alikuwa akichambua ndengu. Mikono yake ikasimama. Kisha akanivuta, akakishika kichwa changu kifuani mwake kwa nguvu hata nikaumia. "Hilo nalo," akasema, "usilitaje." Sikulitaja. Alikufa nikiwa chuoni, na hatukuwahi kulirudia. Sijui kama alinilinda mimi au alijilinda yeye, na siku nyingine namkasirikia marehemu, jambo lisilo na faida.

Gari halikwenda mbali. Mto ulilizika palepale chini ya kivuko, mchanga ukajaa ndani, na kila kiangazi paa la samawati lilijitokeza, safari nyingine kwa upana wa sinia, safari nyingine hadi madirisha. Maji yalipenda kukusanyika karibu nalo. Wanawake walichimba visima vyao hapo, wakaegemeza mitungi yao, na watoto walioletwa duniani kwa mikono ya daktari walikaa juu yake wakingoja zamu. Mimi nilichota upande wa pili daima. Niliogopa kuligeuzia mgongo.

Huko niliko, theluji huanguka bila sauti yoyote, na hilo lilinitisha zaidi ya utelezi. Kabla ya kila daraja nazima redio, nashusha kioo, baridi inaingia, nasikiliza. Na kila mara naulizwa kwa Kiswahili cha Kilungu, taratibu, pembeni mwa sikio: unaskia kitu? Huwa najibu kwa sauti. Nasema naona barafu, nasikia lori, naona kulungu pembeni. Bibi mmoja ninayempeleka hospitali anadhani nasali.

Basi Desemba iliyopita nilikodi gari dogo Nairobi nikaenda. Nilikuwa nimeazimia kukaa kando ya paa lile na kusema. Nilipitia Kilungu kwanza, nikapanda kwa njia ya miguu hadi kaburini, nikashindwa kusema, nikanunua machungwa barabarani nikaendelea. Nilifika mtoni mchana. Kuna daraja sasa, la saruji, na magari yanapita juu yake bila mtu kushuka wala kunyamaza. Nilipozima gari na kufungua mlango, dereva wa nyuma alinipigia honi.

Nikashuka chini kwa miguu. Hapakuwa na mchanga. Malori ya mchanga yalikuwa yameumaliza wote, yakauacha mto mwamba mtupu. Mama mmoja aliyekuwa akivunja kokoto aliniambia walichimba mpaka wakalifikia gari zima, wakashangilia, na watu wa vyuma vikuukuu wakalipakia siku hiyohiyo. "Lilikuwa la daktari fulani wa zamani," akasema. "Wanasema alikuwa haskii vizuri, ndio mto ukambeba." Nikamwuliza maji huchota wapi siku hizi. Akasema mto ukija hupita mbio, hauachi kitu.

Nilimpa machungwa, akarudi kwenye kokoto zake. Nikapanda, nikasimama pale ukingoni nilipokuwa nimesimama siku ile na kiondo, nikangoja mpaka pumzi itulie. Swali likaja kama linavyokuja kwenye kila daraja.

"Ndio, daktari," nikasema kwa sauti, hata yule mama akageuka. "Naskia. Naskia vizuri sana. Usiingie."