Mlango Uliotazama Ukuta

Kabla ya kushusha godoro, kabla ya sufuria, hata kabla ya kumshika mke wake mkono ashuke, Muamba Ngeleka alilizunguka lori lake kuukuu akiangalia limesimama vipi. Hakuridhika. Akapanda tena, akarudi nyuma kidogo, akakata usukani, akasogea mbele. Watu waliokaa chini kwenye uwanja wa kituo cha gari-moshi cha Kolwezi, huko Katanga, na vifurushi vyao na watoto wanaolia, walimtazama kama mtu aliyerukwa na akili. Mji unawafukuza, naye anatafuta namna nzuri ya kuegesha!

Ulikuwa mwaka wa tisini na tatu. Migodi ilikuwa imeanguka, mishahara haionekani, na wakubwa waliokosa jibu la kuwapa wenye njaa waliwapa jirani wa kumchukia. Waliwaambia vijana kwamba mali ya mji imeliwa na watu wa jimbo la Kasai. Basi vijana wakaenda Musonoi, mtaa wa wachimbaji, na mapanga na nyimbo, wakagonga milango wakiita "bilulu", yaani wadudu. Na wadudu hao walikuwa watu ambao babu zao waliletwa huku kuchimba, ambao wenyewe walizaliwa huku, wasiojua hata rangi ya udongo wa hiyo Kasai waliyoambiwa warudi. Siandiki haya kwa upole, kwa sababu hayakutendwa kwa upole.

Muamba alikuwa mmoja wa waliofukuzwa. Alikuwa dereva, mtoto wa mchimbaji, mtu wa mabega mapana na sauti ndogo. Alisafirisha unga na makaa kati ya Nzilo, Mutoshi na mjini, na madereva wenzake walimjua kwa jambo moja: hakuwahi kuegesha mahali ambapo mlango wa mwenzake ungeshindwa kufunguka. Siku ya kufukuzwa alipakia alichoweza, akafunga kamba nyuma ya lori, akavuta gari dogo lililofunikwa, ambalo injini yake ilikufa zamani. Lilikuwa gari la marehemu baba mkwe wake. Ndani yake alikaa mama mkwe, Mama Kabedi.

Kwa Waluba wa Kasai, mwanamume haingii anapolala mama mkwe wake. Hali chakula mbele yake. Akimwona njiani, anamwachia njia. Mgeni hudhani ni chuki, lakini si chuki hata kidogo. Kule Musonoi Mama Kabedi alikuwa na chumba chake nyuma ya nyumba. Jioni alikaa upande mmoja wa ukuta na Muamba upande wa pili, wakabishana kupitia matofali juu ya mahubiri ya padri, ugali ulioungua, na nani aliharibu mpira wa Jumapili. Yule mama alikuwa na kicheko kikubwa, cha kusikika mpaka barabarani. Walipendana namna hiyo, bila kutazamana.

Kituoni gari-moshi halikuja. Wengi waliishi chini ya maturubai, na waliobahatika kuwa na magari waliishi ndani ya magari. Mwanzoni waliegesha ovyo, mlango kwa mlango, na ugomvi haukukawia: huyu ameonwa akioga, yule amesikia maneno ya kitandani ya jirani. Muamba ndiye aliyewapanga. Pua za magari ziwe ndani, mikia nje. Kati ya gari na gari pabaki nafasi ya mtu aliyebeba ndoo. Usipite nyuma ya gari la mtu. Simama mbele, kohoa, gonga boneti, ngoja uitikiwe. Na kikwembe, yaani kitenge cha pazia, kikishushwa mlangoni, basi hicho ni ukuta, hata kama upepo unakichezea.

"Tata Muamba, umekuwa burugumesta ya makamyo!" alimtania kwa cheo cha meya wa malori Mulumba, mchimbaji mzee aliyeishi katika basi dogo bovu lisilo na magurudumu, lililokuwa limetupwa pale. "Kesho utatuletea na polisi ya barabara."

"We funga kikwembe yako kwanza," Muamba alimjibu. "Jana tuliona yote, na haikukuwa muzuri."

Hata waliokuwa wakilia walicheka.

Gari la Mama Kabedi alilipa mahali bora kuliko yote. Alilisukuma pembeni kabisa, mlango wa nyuma ukitazama ukuta wa ghala, karibu kiasi kwamba mtu alipita hapo kwa ubavu. Hakuna jicho ambalo lingeweza kumwona. Muamba alipomaliza alifuta jasho, na Mama Kabedi akasema kutoka ndani, "Aksanti, bwana ya mutoto yangu. Hapa niko kwetu."

Kisha ugonjwa wa kuharisha uliingia uwanjani. Ulianza kwa watoto, halafu wazee. Asubuhi moja ikatangazwa kwamba wanawake wote waende na watoto wao upande wa pili wa reli, kupanga foleni ya nafasi katika gari-moshi lililosemekana limekaribia. Bilonda, mke wa Muamba, alimfunga mtoto mgongoni lakini akasita.

"Mama amelala mubaya," alimwambia mume wake. "Anasema ni tumbo tu. Umuulize-ulize."

"Nitabakia pa kapo. Enda."

Akabaki pale pale, kwenye boneti ya gari la mama mkwe. Akakohoa, akagonga. "Mamamukwe, ulilamuka muzuri?"

"Muzuri. Fanya kazi yako."

Hakuwa na kazi. Alijaza chupa ya maji, akaiweka chini karibu na gurudumu la mbele, akasogea mbali ili mama aje aichukue. Jua lilipopanda, chupa ilikuwa bado pale. Akagonga tena.

"Mamamukwe, mayi iko pale chini."

"Usikuye huku," sauti ilijibu. "Niko naoga."

Muamba akarudi nyuma haraka, kwa adabu. Lakini alipogonga tena, baada ya muda mrefu, jibu lilikuwa lile lile, naoga, kwa sauti iliyokuwa kama inatoka ndani ya gunia. Na hakusikia maji yakimwagika.

Mulumba alikuwa akimtazama kutoka kwenye basi lake. "Ingia basi! Unaogopa mwanamuke muzee?"

"Ni mukwe yangu."

"Mu hii mavumbi, mukwe iko wapi tena? Nyumba balitunyanganya, kazi balitunyanganya. We uko nachunga kikwembe!"

"Njo maana nachunga," Muamba alisema. "Hii njo bado hawayatunyanganya."

Nimefikiri sana juu ya jibu hilo, kwamba heshima ndiyo pekee ambayo bado hawajanyang'anywa. Chuoni tulifundishwa kwamba mila ni kamba inayomfunga mtu. Labda. Lakini yule aliyenyang'anywa kila kitu hushika kamba hiyo kwa mikono miwili, na waliomnyang'anya hawana haki ya kumcheka.

Muamba alikimbia kutafuta mwanamke. Uwanja ulikuwa wa wanaume na wagonjwa tu. Wanawake walikuwa foleni, ng'ambo ya reli, na walinzi hawakumruhusu kuvuka. Kwenye ua wa kituo alimkuta Odile, mwanamke wa Kikatanga aliyeuza maandazi, mtu wa upande wa waliowafukuza. Hawakufahamiana. Alimwambia tu, "Mama, mamamukwe yangu anakufwa, na miye siwezi kuingia."

Odile alifunika maandazi yake. Vijana waliosimama uani na marungu walipiga kelele: "E, Odile! Unaendea bilulu?"

"Kilulu ni ile iko mu kinywa yako!" aliwarudishia, akapita.

Alipita kwa ubavu kati ya gari na ukuta, akainua kikwembe, akaingia. Muamba alimsikia akisema, "Ee Mungu wangu." Kisha kwa sauti kubwa: "Tata, kuya! Siwezi kumubeba peke yangu!"

"Hapana," ilisikika sauti ya Mama Kabedi, nyembamba. "Yeye hapana. Asinione hivi."

Muamba alisimama mlangoni, uso ukutani. Odile alimsafisha mama yule haraka, akamfunga kitenge chake mwenyewe. "Geuka, piga magoti," alimwamuru Muamba. Akageuka. Odile alimweka mgonjwa mgongoni mwake, akamfunga kwa kile kikwembe cha mlangoni, kama mtoto anavyofungwa. Muamba akainuka bila kutazama nyuma, akaanza safari ya kwenda kwa masista, waliokuwa na dispensari mbele kidogo ya kituo.

Mama Kabedi alikuwa mwepesi mno. Mwanzoni alilia, si kwa maumivu, bali kwa aibu. Machozi yake yaliteremka kwenye shingo ya mkwewe. Muamba alitembea, alijikwaa, alitembea. Halafu mama akaacha kulia.

"Una mvi," alisema taratibu, mdomo karibu na sikio. "Mingi hivi. Sikuyaka naona."

"Ni uzee, Mama."

"Bilonda hakunielezaka."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyosema. Sista aliyempokea alimgusa shingoni, akamtazama Muamba, akauliza alianza kuugua lini. Aliposikia ni tangu usiku, alisema kama angeletwa asubuhi, wakati seromu, yale maji ya kutiwa mshipani, ilikuwa bado ipo, pengine angepona. Hakumlaumu. Alisema tu, kama watu wanavyosema wakiwa wamechoka.

Bilonda aliwakuta pale, mtoto mgongoni, na karatasi za safari mkononi. Alimfumba mama yake macho, akamnyoosha vidole.

"Asubuhi yote ulikuwa wapi?" aliuliza.

"Pa kapo. Kama nilikuambia."

"Karibu na yeye."

"Karibu."

Walimzika siku hiyo hiyo, pamoja na wengine, katika udongo wa Kolwezi ambao vijana walidai si wake. Kesho yake gari-moshi lilifika kweli, na watu walianza kusukumana wakiacha magari yao yote yamesimama kwa mpangilio mzuri. Muamba hakusukumana. Alikuwa amekwenda kwa Odile, akamwachia funguo za lori, akapewa kuku jike. Kwa Waluba, mkwe aliyemgusa mama mkwe wake hutoa kuku ili aibu ioshwe, na kama mama hayupo, binti yake hupokea.

Alimkuta Bilonda kwenye mlango wa behewa. Alipiga magoti katika changarawe, mbele ya watu, akamnyooshea kuku kwa mikono miwili.

"Pokea kwa niaba yake," alisema. "Nilimubeba."

Bilonda alimkaza mtoto mgongoni. Watu nyuma yake walikuwa wakisukuma, mtu alimkanyaga, lakini hakuondoka.

"Sipokei," alisema. "Kumubeba haikukuwa kosa. Kosa ilikuwa kubakia pa kapo."

Akapanda na mtoto. Mlango ulijaa watu mara moja. Muamba alibaki amepiga magoti mpaka honi ilipolia, ndipo Mulumba alipomkamata ukosi wa shati na kumvuta ndani ya behewa la nyuma. Waliondoka hivyo, mume na mke, katika mabehewa mawili, kuelekea nchi ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona.